UZI: Samaki watatu wa Sisa. Fasihi ya Ufilipino tangu enzi za kuimba, na nilichojifunza humo kuhusu kuandika hadithi

Mwana Pangani

Habari za jioni wana jukwaa. Huu uzi niliuahidi siku nyingi nikawa naahirisha tu, leo nimetoka kazini mapema nimekaa nao. Ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi kesho.

Nilifanya kazi Doha miaka mitatu, kwenye dobi la hoteli, na chumbani tulikuwa wanne, mimi, Mganda mmoja na Wafilipino wawili, na aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa dada mmoja wa Iloilo. Neno la kwanza alilonifundisha ni salamat, yaani asante. Nikamwambia mbona hilo ni letu, salama, wote tumelitoa kwa Waarabu. Tukaanza kutafuta mengine huku tunapiga pasi mashuka. Hakimu kwao hukom, sisi tuna hukumu. Meza kwao mesa, wao wamepewa na Wahispania sisi na Wareno. Wiki nzima tulikuwa na mchezo huo.

Sasa usiku mmoja akaniuliza, umesoma Noli? Nikamwambia Noli ndio nini. Alishangaa kweli, akashuka kitandani akakaa kwangu akanisimulia habari ya mama mmoja anaitwa Sisa. Sisa ana watoto wawili wa kiume, Basilio na Crispin, wanafanya kazi kanisani ya kupiga kengele. Siku hiyo wanatakiwa kurudi nyumbani kula. Mama kapika samaki wadogo, kachuma nyanya bustanini, na kuna mzee mmoja msomi wa kijijini kampa kipande cha nyama ya nguruwe pori na paja la bata, yaani kwa nyumba ile hiyo ni sikukuu. Mume wake ambaye ni mcheza kamari anaingia, anakaa, anakula vyote, anabakiza samaki watatu tu, anaondoka zake. Sisa analia kidogo kisha anawasha moto tena, anapika wali tena, anawaandaa wale samaki watatu na anapiga hesabu kichwani kwamba kila mtoto atapata mmoja na nusu.

Mmoja na nusu. Nilikaa kimya muda mrefu. Mimi fasihi nimesoma sekondari na alama nilikuwa napata, lakini tulivyofundishwa ni kukariri dhamira, umaskini, ulevi, nafasi ya mwanamke, unapanga moja mbili tatu unakusanya karatasi. Hakuna aliyewahi kuniambia nihesabu samaki. Tangu usiku ule nimesoma kila cha Kifilipino nilichokipata kwa Kiingereza, na nataka niwaonyeshe njia waliyopita mpaka kufika hapo.

baharia_84

Dada nimeweka kiti. Mimi nimepanda meli na hawa jamaa miaka mingi, wakifika Kwaresima wanakaa mesini wanaimba kutoka kwenye kitabu, wanapokezana, usiku mpaka kunakucha. Sikuwahi kujua ni nini kile.

Mwana Pangani

Kaka hiyo ni pasyon, mateso ya Yesu kwa mashairi, na kule kuisoma kwa kuimba wanaita pabasa. Umenisaidia maana nilitaka nianzie huko huko kwenye kuimba.

Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, na kabla Mhispania hajafika kila kisiwa kilikuwa na nyimbo zake. Waifugao wa milimani Luzon wana Hudhud, wanawake wazee ndio wanaoongoza, inaimbwa wakati wa kuvuna mpunga na kwenye msiba, na ukitaka kuimaliza yote ni siku kadhaa. Kusini kwenye ziwa Lanao Wamaranao, ambao ni Waislamu, wana Darangen, mistari kama 72,000. Dada yangu wa Iloilo yeye kwao kisiwa cha Panay wana Hinilawod. Watausug wa Sulu hadithi zao za kuimbwa wanaziita kissa. Kisa! Neno lile lile. Na vitendawili wanavyo, bugtong, vinategwa na kuteguliwa kama vyetu. Maandishi pia walikuwa nayo, baybayin, walikuwa wanachora kwenye mianzi na majani, ndio maana mengi yameoza hayapo.

Mhispania kaja kukaa 1565. Kitabu cha kwanza kupigwa chapa Manila kinachojulikana ni cha mafundisho ya dini, 1593, Kihispania na Kitagalog, lugha ya watu wa Manila, na Kitagalog chenyewe kimewekwa kwa hati zote mbili, baybayin na za Kilatini. Baada ya hapo kwa miaka kama 250 uandishi karibu wote uko chini ya mapadri. Pasyon kama hiyo aliyoisikia baharia, ya Kitagalog ya Gaspar Aquino de Belen, ilitoka 1704, na watu wameichukua wakaifanya yao kabisa.

Halafu 1838 ndio anatokea Francisco Balagtas na Florante at Laura. Hapa wapenzi wa tenzi mnisikilize vizuri. Ubeti una mistari minne, kila mstari mizani 12, na unapumua katikati kwenye ya sita, na mistari yote minne ina kina kimoja mwishoni. Mtu aliyekulia kwenye utenzi akisikia inasomwa bila kujua neno hata moja atajua hiki ni nini. Aina yenyewe inaitwa awit, maana yake wimbo.

Inaanza na kijana kafungwa kwenye mti katikati ya msitu, simba wawili wanamjia. Anakuja kumwokoa shujaa Mwislamu, Aladin. Na hii kwa wakati ule ilikuwa kitu kikubwa mno, sababu kwenye michezo ya jukwaani iliyopendwa Mwislamu alikuwa ni adui tu wa kupigwa mwishoni abatizwe. Nchi ya hadithi ni Albania, lakini Mfilipino akisoma malalamiko ya Florante juu ya nchi iliyotawaliwa na hila anaelewa inazungumzwa nchi gani. Mkaguzi wa serikali kasoma Albania akapitisha.

Bint wa Kojani

Hiyo ya kuficha maana hata malenga wetu wamefanya sana, unatunga shairi la mkufu au la jahazi kumbe unamsema mtu na mtu mwenyewe kakaa mbele yako anaitikia.

Mwana Pangani

Sasa dada, anayekuja yeye aliacha kuficha, na ilimgharimu uhai.

José Rizal kazaliwa 1861 Calamba, daktari wa macho. Akiwa na miaka kumi mapadri watatu wazalendo, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani Manila, Februari 1872, wakisingiziwa uasi. Jambo hilo halikumtoka. Alivyoenda kusoma Ulaya akaandika riwaya kwa Kihispania, Noli Me Tangere, ikapigwa chapa Berlin 1887, nakala 2,000. Pesa hakuwa nayo, alikuwa anashinda na njaa, rafiki yake Máximo Viola ndiye aliyemkopesha peso 300 za mpigachapa. Jina ni Kilatini, ni yale maneno ya Yohana 20, "Usinishike". Rizal anasema nchi yake ina ugonjwa, donda ambalo ukiligusa kidogo tu mgonjwa anapiga kelele, na yeye analigusa. Ya pili El Filibusterismo, kwa kifupi Fili, ikatoka Ghent 1891, kaitoa wakfu kwa wale mapadri watatu.

Kwa juu Noli ni ya Ibarra, kijana kasoma Ulaya anarudi kujenga shule, ana mchumba María Clara, padri mnene anaitwa Dámaso anamwekea vikwazo. Inasomeka, ina vichekesho vingi kumbe. Lakini kinachoniua mimi ni Sisa. Crispin yule mdogo anasingiziwa kaiba pesa kanisani, anapigwa, haonekani tena. Basilio anatoroka usiku anafika nyumbani kapasuliwa paji la uso na risasi. Sisa anakamatwa na askari kama mama wa wezi anatembezwa barabarani mchana watu wanamwangalia, na hapo akili inamruka, na kuanzia hapo utamwona anapita pita kwenye kitabu anaimba na kuita majina ya wanawe. Rizal hajaandika sentensi ya kusema "utawala wa kikoloni unaharibu familia". Ameweka samaki watatu mezani, msomaji ndio anaisema hiyo sentensi mwenyewe na akishaisema mwenyewe huwezi kumtoa.

Mwl wa Zamani

Nimesoma kwa makini mwanangu, hongera. Swali langu, kama imeandikwa Kihispania na wananchi wengi hawakukijua Kihispania, iliwafikiaje? Maana sisi tunaambiwa kila siku kwamba riwaya fulani iliamsha umma, huku umma wenyewe haukuwa unasoma.

Mwana Pangani

Mwalimu shikamoo, swali zuri sana. Ni kweli waliokijua walikuwa wachache. Lakini kitabu kilipigwa marufuku, na kitu kikipigwa marufuku hata asiyesoma anataka kujua kuna nini ndani. Kiliingizwa kwa siri, waliokisoma wakawasimulia wengine. Na mmoja wa wasomaji alikuwa Andrés Bonifacio, mtu wa Tondo asiye na shule kubwa, ndiye aliyeanzisha Katipunan, chama cha siri cha mapinduzi, 1892, na mapinduzi yakaanza 1896. Rizal mwenyewe hakuunga mkono yale mapigano, aliona muda haujafika, alikuwa kashakaa uhamishoni Dapitan miaka minne anatibu watu na kufundisha watoto. Wahispania hawakujali hilo. Walimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, ana miaka 35.

Kabla ya hapo kwenye selo kaandika shairi la kuaga, kalikunja dogo kaliweka ndani ya jiko dogo la spiriti, dada yake Trinidad alivyokuja kuaga akampa lile jiko akamwambia kwa Kiingereza kwamba ndani kuna kitu, ili walinzi wasielewe. Yule mwenzangu alipofika hapo sauti ilikatika, na yeye kalisikia hilo tangu darasani, kwao sheria ya 1956 inalazimisha shule zote kusomesha Noli na Fili, ilipitishwa maaskofu wakiipinga vikali.

Mchapakazi

Swali la kichokozi kidogo ila nauliza kwa nia njema. Sisi wenyewe vitabu vyetu hatujavimaliza, ya Ufilipino yanatusaidia nini?

Mwana Pangani

Kaka hujakosea kuuliza. Mimi nasoma vya kwetu na nitaendelea. Lakini kuna jambo la lugha ambalo wao limewapiga kuliko sisi na ukiliangalia utaelewa mengi. 1898 Hispania kauza visiwa kwa Marekani, dola milioni 20, huku Wafilipino wameshatangaza uhuru Juni mwaka huo huo. Ikaja vita nyingine mbaya, ya Wafilipino na Wamarekani. Kisha 1901 ikatia nanga meli inaitwa Thomas, imebeba walimu karibu 500 kutoka Marekani, na Kiingereza kikaanza. Kwa hiyo babu aliandika Kihispania, mjukuu hawezi kusoma alichoandika babu yake. Rizal leo wanamsoma kwa tafsiri, nchi nzima!

Na usifikiri Kitagalog kilikaa kimya. 1903 Aurelio Tolentino alionyesha Manila mchezo unaitwa Jana, Leo na Kesho kwa Kitagalog, jukwaani bendera ya Marekani ikakanyagwa, akakamatwa. 1906 Lope K. Santos akatoa riwaya ya wafanyakazi na usoshalisti, Banaag at Sikat. Gazeti la Liwayway tangu 1922 limechapisha hadithi za mfululizo, watu walikuwa wanasubiri toleo la wiki. Mpaka leo mwandishi wa kule lazima aamue, Kiingereza nisomwe nje, Kifilipino, lugha ya taifa iliyotokana na Kitagalog, nisomwe na dereva wa jipni, daladala za kule, au Kiilonggo, lugha ya Iloilo, nisomwe na mama yangu. Yule dada alikuwa ananiambia sisi tuna bahati, mtu wa Tanga na wa Kigoma mnasoma kitabu kimoja na hakuna anayejiona kamezwa. Sikuwahi kuliona hivyo.

Kalamu ya Kigoma

Mimi nataka kuandika hadithi fupi, nimeanza mara nyingi naishia ukurasa wa pili. Hebu njoo kwenye hadithi fupi dada, maana riwaya kwangu bado mlima.

Mwana Pangani

Nakuja mdogo wangu. Hiyo ya kisasa kwa Kiingereza wao wanahesabu kuanzia Dead Stars ya Paz Márquez Benítez, 1925. Hesabu kidogo, miaka 24 tu tangu ile meli ya walimu. Mwanaume kachumbia miaka mingi, uchumba umepoa, anampenda msichana mwingine, hathubutu kuvunja, anaoa yule wa kwanza. Baada ya miaka minane anapita mji wa yule mwingine, anamwona, na hasikii kitu. Alichokuwa anakitamani miaka yote ni mwanga wa nyota iliyokwisha kufa. Hakuna kifo, hakuna ugomvi, hakuna fumanizi. Tukio lote limetokea moyoni, na kabla ya hapo hadithi za kwao zilikuwa zinahitaji simba wawili.

Lakini ukitaka kujifunza kazi, chukua ya Manuel Arguilla, How My Brother Leon Brought Home a Wife. Mimi nimeisoma labda mara ishirini. Kisa kizima: kaka kasomea mjini, anamleta mke wa mjini kijijini Nagrebcan, Ilocos, kumtambulisha kwa wazazi. Basi. Msimulizi ni mdogo wake, Baldo, mtoto, katumwa na mkokoteni wa kukokotwa na fahali kwenda kuwapokea.

Kwa nini mtoto? Fikiria angesimulia Leon mwenyewe, angetuambia ana wasiwasi baba atamkataa mke. Angesimulia baba, tungejua mpango wake mapema. Mtoto yeye anaona tu, hajui maana ya anachokiona. Anaona shemeji yake mrefu. Ananusa harufu yake, inamkumbusha asubuhi mipapai imechanua. Baba kamwagiza asipite barabara kuu, apite kwenye mto uliokauka, Leon anashangaa kwa nini, mtoto hajui, katumwa tu. Wanapita gizani mashambani na nyota, wanaimba njiani. Wakifika baba hamuulizi Leon kitu, anamwita Baldo pembeni anauliza, aliogopa fahali? njiani walizungumza nini? Ndio unashtuka kwamba safari yote ilikuwa mtihani, mkokoteni ni mtihani, mto ni mtihani, na mtahiniwa hakujua na msimamizi wa mtihani naye hakujua. Na mwisho baba anamwambia Baldo akamnyweshe fahali maji. Hasemi amemkubali. Wewe unajua amemkubali.

Arguilla Wajapani walimuua 1944 kwa kuwasaidia wapiganaji wa siri. Kitabu chake cha hadithi kilikuwa na miaka minne tu tangu kitoke.

Bint wa Kojani

Inna lillahi. Na wanawake wao baada ya huyo wa 1925?

Mwana Pangani

Wapo wengi dada, nitakupa mmoja, Lualhati Bautista. Rais Marcos alitangaza sheria ya kijeshi 1972, waandishi wakafungwa, magazeti yakafungwa. Bautista akaandika Dekada '70, ikapata tuzo ya Palanca 1983 Marcos akiwa bado madarakani. Msimulizi ni Amanda, mama wa nyumbani ana wana watano wa kiume, mume hataki mke afanye kazi. Mmoja anaingia msituni, mmoja anauawa, na mama anabadilika jikoni kwake hatua kwa hatua. Kaandika kwa lugha wanayoongea Manila, na maneno ya Kiingereza yanaingia kama yanavyoingia mdomoni. Ukiniuliza mimi, huyo ni mjukuu wa Sisa, ila huyu hajapewa wazimu, kapewa sauti, anasema "mimi".

Wapo na akina Nick Joaquin, F. Sionil José na duka lake la vitabu Ermita, Amado Hernandez aliyekaa jela miaka mitano, ila nikianza hao hatulali.

Kalamu ya Kigoma

Dada nimepata moyo, naweka mwanzo wangu hapa mnisahihishe, msinionee huruma:

"Mama alikuwa na huzuni kubwa sana kwa sababu baba alikuwa mlevi wa kupindukia aliyekuwa akiuza vitu vya ndani ili apate fedha za pombe. Maisha yalikuwa magumu mno."

Mwana Pangani

Asante kwa kuamini jukwaa. Hapo umeniandikia dhamira, ungekuwa kwenye mtihani ungepata alama. Niambie vitu vitatu tu. Nani anasimulia na ana umri gani? Baba aliuza nini? Na mama alifanya nini kwa mikono yake siku hiyo? Neno huzuni lifute kwanza, tutaliomba baadaye likihitajika. Usitafute maneno mazito, kumbuka tu.

Mwl wa Zamani

Na "wa kupindukia" nayo ifute kijana wangu. Nimesahihisha maelfu ya karatasi zenye hilo neno, mengine niliyafundisha mwenyewe, na leo najutia.

Kalamu ya Kigoma

Nimekaa saa nzima. Hii hapa, ni ya kweli nyumbani kwetu, hapo nilikuwa na miaka tisa:

"Mama akisikia kikohozi cha baba kwenye kona ya muuza mkaa, anachomoa betri, anafunga redio kwenye kanga anaipitisha dirishani kwa mama Pendo. Halafu anakaa kwenye mkeka anaendelea kuchambua dagaa. Asubuhi mimi ndio natumwa kuifuata. Mama Pendo ananipa redio, ananipa na andazi, na hajawahi kuniuliza kitu. Siku moja nilienda, akanipa andazi peke yake."

baharia_84

Redio imeenda wapi??

Mwana Pangani

Usimjibu baharia. Andika ukurasa wa pili.